Siku Mkanda wa Risasi Ulipokula Suruali Yangu

Waliokuwepo siku ile nawataja wote, asije mtu baadaye akasema nimetia chumvi. Nilikuwepo mimi mwenyewe, Masanja. Walikuwepo wadogo zangu wawili, Kabula wa darasa la sita na Shija wa darasa la tatu. Alikuwepo jirani yetu Mzee Koplo, aliyerudi kutoka vita vya Kagera na mguu mmoja usiokunjika vizuri. Alikuwepo Gindu, manju wetu, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, na Makoye, mbeba magunia wa Mkuyuni mwenye mikono minene kama mapaja ya mtu mwingine. Alikuwepo shangazi yetu Nyamizi kutoka Kisesa. Na walikuwepo watu wa Mkolani na vijiji vya jirani, wake kwa waume, ambao siwezi kuwataja kwa majina, lakini wao jina langu wanalijua, na wengine wakiniona hata leo na mvi zangu hizi wanauma midomo wasicheke. Wote hao waliniona nikivuliwa suruali na bunduki. Bunduki ya mbao, tena niliyoitengeneza mwenyewe.

Aibu hiyo nimeibeba muda mrefu mpaka imekuwa kama mzigo uliozoeleka begani, ukiutua unajisikia mwepesi kupita kiasi. Basi ngoja niutue kidogo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imeshushwa mjini marobota kwa marobota, vibanda vya video vimeota kila kona na jenereta zao zinazokohoa, samaki sangara wanapakiwa kwenda mbali na sisi tunabaki na mapanki, yale mafupa yenye nyama kidogo kichwani (na msiyadharau, ukiyakaanga vizuri Shija alikuwa anameza mate kabla sahani haijafika). Baba alikuwa ametangulia, mama akamfuata mwaka uliofuata, na mimi nikaacha shule nikiwa darasa la sita nikawa fundi baiskeli chini ya kibanda cha bati pale Mkuyuni. Jioni narudi Mkolani, tunapika, Kabula anamsomesha Shija kwa kibatari, mimi nasikiliza na kujifanya naziba pancha ili nisionekane ninasoma darasa la tatu kwa mara ya pili. Nikikumbuka jioni zile natamani kuzirudia hata moja.

Lakini wakubwa wa ukoo walishakaa wakaamua. Kabula aende kwa shangazi Kisesa, Shija aende kwa baba mkubwa huko Geita akachunge ng'ombe, na mimi niachwe nijitafutie. Nilikataa mwaka mzima. Mwisho shangazi akatuma salamu kwa mtu wa mkaa: "Mwambieni Masanja nakuja Jumamosi baada ya mavuno. Nataka nione kwa macho yangu kama hapo kuna nyumba au kuna watoto wanaocheza nyumba. Nikikuta nyumba, nitarudi peke yangu. Nikikuta mchezo, nitarudi na watoto."

Mtu mwenye akili angeshinda Jumamosi hiyo nyumbani akifagia uwanja. Mimi Jumamosi hiyo nilikuwa uwanjani, nimejivika risasi.

Lazima niseme kuhusu ngoma zetu, maana asiyezijua hatanielewa. Kwetu baada ya mavuno pande mbili hushindana uwanja mmoja, wakati mmoja, kila upande na ngoma zake na manju wake, na hakuna hakimu wa kupiga filimbi. Hakimu ni miguu ya watu. Wakivutiwa na upande huu wanakimbilia huku, wakichoka wanahamia kule, na jua likizama mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo kucheza vizuri hakutoshi, lazima ulete kioja. Mwaka mmoja wenzetu walileta ndege ya mbao inayozungusha pangaboi kichwani mwa mchezaji, watu wote wakatukimbia, tukabaki tunajichezea wenyewe kama wendawazimu. Mwaka uliofuata wakaleta chatu.

Ndipo Gindu akaja kibandani kwangu. "Masanja, wewe ni fundi. Baba yako alicheza upande huu mpaka anakufa. Unakubali tushindwe na nyoka?"

Sikukubali. Nikaenda kwa Mzee Koplo kumuuliza, maana nilikuwa nimewaza bombomu, ile bunduki ya kwenye video inayomimina risasi bila kupumua. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Akacheka, akapanga magunzi mkekani, moja baada ya jingine, yote yana nafasi sawa.

"Huu ndio mkanda," akasema. "Watu wanadhani bombomu inalishwa na mtu. Hakuna mtu. Inajilisha yenyewe."

"Inajilishaje, mzee?"

"Risasi moja ikilipuka, nguvu nyingi inakwenda na ile risasi mbele. Nguvu kidogo inabaki, inarudisha chuma cha ndani nyuma. Kile chuma kikirudi kinatema ganda tupu, kinavuta mkanda hatua moja, hatua moja tu, kisha kinakwenda mbele na kusukuma risasi mpya chumbani. Nayo ikilipuka, hivyo hivyo. Yaani risasi iliyokufa ndiyo inamleta mwenzake."

Nikatazama magunzi. "Na kwa nini mkanda hauponyoki ukarudi nyuma?"

Akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwa mwalimu yeyote. "Hilo ni swali la fundi. Kuna kidole kinachovuta, na kuna kidole kinachozuia. Cha kwanza kikirudi kuchukua risasi nyingine, cha pili kinashika. Mkanda ukishaingia, kijana, hautokei mlango ulioingilia. Unatokea upande wa pili, mtupu."

"Na bunduki ikikataa kusimama?"

"Msaidizi anausokota mkanda, inakwama. Ndiyo kazi ya msaidizi, kuunyoosha mkanda wakati wa amani na kuusokota wakati wa matatizo."

Nilitengeneza kwa wiki tatu. Sanduku la mbao, bomba la maji likawa mtutu, ndani nikaweka gurudumu lenye vijiti vya kushika mkanda, likizungushwa na pedali na mnyororo wa baiskeli, na kando yake kidole cha chuma chenye springi ya breki, kile cha kuzuia. Ndani ya debe lililounganishwa na mnyororo huo huo nikatia njuga na nati ili likizunguka lipige kelele. Mkanda Kabula aliushona kwa turubai, vitanzi vinavyolingana, kila kitanzi gunzi moja lililopakwa rangi ya dhahabu, na mwenyewe akaushona uzi mara mbili mbili. "Kaka, huu hata ng'ombe hawezi kuukata," akaniambia, na mimi nikamsifu (na nilikuwa sijui ninachosifu). Ukipiga pedali, mkanda unaingia kulia, magunzi yanadondoka chini, mkanda mtupu unatokea kushoto. Mzee Koplo alipoiona mara ya kwanza aliigusa kichwani kama mtu anayegusa mbwa.

"Sasa tafuta sanduku la kuwekea mkanda," akasema.

Hapa ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniharibia jina. Sikutaka sanduku. Kwenye picha iliyochorwa nje ya kibanda cha video palikuwa na jamaa kifua wazi, amejivika mkanda wa risasi kutoka begani mpaka kiunoni, na mimi kila nikipita hapo na baiskeli ya mteja nilipunguza mwendo.

"Yule ni mwigizaji," Mzee Koplo akasema. "Mkanda ukivaliwa unashika vumbi, unapinda. Mwanajeshi anauweka kwenye sanduku. Halafu wewe ukiuvaa, na bunduki inauvuta, itafika wapi?"

"Nitampa Makoye ishara kabla haujaisha, mzee. Nikiinua mkono, anaacha kupiga pedali."

"Haya," akasema. Ile haya ya wazee ambayo maana yake ni nimesema.

Na kulikuwa na jambo jingine dogo ambalo sikumwambia. Suruali yangu ya siku ile ilikuwa ya mtumba, ya kijani, ya mtu mnene wa huko ng'ambo ambaye kiuno chake kingetosha mimi na Shija pamoja. Mkanda wa suruali sikuwa nao. Basi nikaona ncha ya mwisho ya mkanda wa risasi naweza kuipitisha kwenye vitanzi vya suruali, nikaizungusha kiuno, Kabula akaishona hapo hapo ili isiteleze. Kitu kimoja, kazi mbili. Nilijiona nina akili kweli.

Jumamosi ikafika. Vumbi, ngoma, vumbi. Makoye alikaa nyuma ya bunduki kwenye tandiko la baiskeli, ameinamia pedali, na kwa sababu debe la njuga lilikuwa karibu na kichwa chake alijaza pamba masikioni, pamba mbichi kutoka shambani, bonge kila upande. Mimi nikatoka katikati, kifua wazi, mkanda umenizunguka mara tatu begani. Gindu akaanza wimbo. Makoye akaanza kupiga pedali.

Jamani. Sitadanganya, dakika zile za mwanzo zilikuwa tamu. Tra-ta-ta-ta-ta! Mkanda unaondoka begani kwangu unaingia kwenye bunduki kama nyoka anayerudi shimoni, magunzi ya dhahabu yanaruka, watoto wanayagombania, na mimi najizungusha taratibu kuufungua mkanda mwilini, mzunguko wa kwanza, wa pili, na kule upande wa wenzetu naona vichwa vinaanza kugeuka. Watu kumi wakaja. Ishirini. Mzee Koplo kasimama na fimbo yake, anatikisa kichwa kwa mdundo, na nadhani alikuwa na machozi, au ni vumbi.

Nilipomaliza mzunguko wa tatu ulikuwa umebaki mkanda wa urefu wa mikono miwili hivi. Wakati wa kuinua mkono. Nikauinua nusu, nikatazama mbele, nikamwona shangazi Nyamizi amesimama mstari wa kwanza, kikapu mkononi, Kabula kulia na Shija kushoto, wote wawili wamevaa sare za shule ingawa ilikuwa Jumamosi, maana ndizo nguo zao nzuri.

Sasa niambieni ninyi. Shangazi yako, dada wa baba yako, ametoka Kisesa kuja kuona kama umelelewa. Utampungia mkono juu hewani kama unayeita gari? Mkono ulishuka wenyewe, magoti yakakunjika yenyewe, nikainama.

"Shikamoo, shangazi!"

"Marahaba," akasema.

Na hapo mkanda ukakaza.

Mwanzoni nilivutwa hatua moja, hatua moja tu, sawasawa na alivyoeleza Mzee Koplo. Kisha nyingine. Nikapiga kelele, "Makoye, acha!" Pamba. Nikashika mkanda kwa mikono miwili nirudishe nyuma, kidole cha kuzuia kikashika barabara, na kwa mara ya kwanza maishani nikachukia kazi yangu nzuri. Mzee Koplo akaanza kupiga kelele akipunga fimbo: "Sokota mkanda! Masanja, sokota!" Nisokote vipi na mimi ndiye niliyefungwa mwisho wake? Nikaona njia ni moja, nijisokote mwenyewe. Nikaanza kuzunguka kama pia ya watoto, mikono juu, macho yamenitoka, na watu wakadhani ndiyo ngoma yenyewe, wakapiga vigelegele, na Gindu, Mungu amsamehe, akaongeza kasi ya wimbo.

Makoye aliposikia pedali zimekuwa nzito alifikiri mnyororo umebana. Mtu wa kubeba magunia ya pamba, pedali ikiwa nzito anafanya nini? Akasimama juu yake.

Suruali ilitoka kwa mara moja. Uzi wa Kabula haukukatika hata mmoja. Kiuno cha yule mnene wa ng'ambo kilipita magotini bila kuaga, mguu mmoja wa suruali ukaninasa kifundoni, nikaanguka kifudifudi nikaanza kuburutwa kinyumenyume kuelekea kwenye bunduki, nikilima vumbi kwa kidevu.

Na ndani nilivaa nini? Nilivaa kaptula yangu ya shule. Ile ile ya darasa la sita. Ilikuwa imepasuka nyuma, na nilikuwa nimeitia kiraka kikubwa cha mfuko wa chakula cha kuku, na mfuko ule ulikuwa na picha ya kuku amezungukwa na vifaranga, rangi zote bado zinang'aa. Niliishona mwenyewe, nikijua hakuna atakayeiona.

"Kukuuu!" mtu mmoja akapiga kelele. "Kuku na vifaranga vyake!"

Uwanja ulipasuka. Watu wa upande wa pili waliacha ngoma yao wakaja mbio, waliokuwa juu ya miti wakashuka, waliokuwa wamekwenda kununua miwa wakarudi. Hata manju wa wenzetu alikuja na filimbi yake shingoni, akainama kunitazama vizuri, akauliza kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, hii dawa ya kuvuta watu mmeipata kwa mganga gani?"

Katikati ya kelele zile aliingia mtu mmoja uwanjani, anatembea, hakimbii. Alikuwa shangazi. Alifungua kanga ya begani, akanifunika kuanzia kiunoni mpaka miguuni, akaichomeka pembeni kama anayemlaza mtoto, kisha akamwendea Makoye akamng'oa pamba sikioni kwa vidole viwili.

"We baba, acha!"

Makoye akaacha. Akageuka, akaniona. "Masanja," akasema, "mbona umelala?"

Tulishinda. Ndiyo, tulishinda, kwa sababu jua lilipozama hakuna hata mbuzi aliyebaki upande wa pili. Gindu alinijia anatiririka jasho na furaha: "Jumamosi ijayo tunaalikwa Kisesa. Fanya hivyo hivyo! Usibadilishe kitu!" Nilimjibu maneno ambayo hayafai kuandikwa, na siku ile ile niliapa kwamba sitavaa tena kitu ambacho ncha yake ya pili iko kwenye mashine, na kwamba mzee akiniambia "haya" kwa sauti ile nitaketi chini nimuulize upya. Viapo hivyo vyote nimevishika.

Lakini ushindi haukunisaidia chochote kichwani nilipokuwa narudi nyumbani nimejifunga kanga, mbele shangazi na watoto, nyuma mimi. Nilijua kwisha. Alikuja kutafuta nyumba akakuta mchezo, tena mchezo wa namna gani. Njia nzima nilikuwa nahesabu nguo za Shija zitakazoingia kwenye mfuko, na nikajiuliza baba mkubwa atakumbuka vipi kwamba yule mtoto hali maharage yaliyolala.

Shangazi aliketi kwenye kigoda. Hakunywa maji tuliyompa. Alitazama chumba, akatazama madaftari yaliyopangwa juu ya sanduku, akanitazama mimi.

"Hiyo kaptula ni ya lini?"

"Ya darasa la sita, shangazi."

"Una miaka mingapi sasa?"

"Ishirini, shangazi."

"Ya kubadilisha?"

Nikaivuta kanga magotini. Kabula akatazama chini.

"Na wewe, Kabula. Sare yako ya lini?"

"Ya mwaka huu, shangazi. Kaka alininunulia shule zilipofunguliwa."

"Ya Shija?"

"Na yangu!" Shija akarukia, akavuta kola yake ionekane. "Na viatu!"

Shangazi akaipapasa ile kola. Kisha akauliza, "Kile kiraka nani alishona?"

"Mimi."

"Umeshona vibaya. Kuku umemgeuza kichwa chini."

Akaanza kucheka. Alianza kidogo, bega likatikisika, kisha akashika tumbo, akacheka mpaka akafuta macho kwa kiganja, na katikati ya kicheko nikaona kwamba yale machozi mengine hayakuwa ya kucheka. Alipopata pumzi akasema, "Nitakwenda kuwaambia wakubwa kwamba nimekuta nyumba. Mwenye nyumba hana suruali, lakini nyumba ipo."

Asubuhi akarudi Kisesa peke yake.

Kanga yake ilikuwa imechafuka grisi ya mnyororo, nikaifua mara nyingi na haikutoka. Kabula alipokwisha kuolewa na Shija akaanza kazi yake ya udereva, nilinunua doti nzima, mpya, nzuri, nikapanda mpaka Kisesa nikampelekea shangazi kwa mikono miwili, nikamwambia nimekuja kulipa. Hakuigusa.

"Mimi nilikufunika mbele ya watu," akasema. "Deni la namna ile hulipi chumbani, tuko wawili. Siku nikianguka mimi mbele ya watu, utakuja unifunike. Hapo tutakuwa sawa."

Sasa ni mzee, macho yamefifia, anatembea kwa kushika ukuta. Mimi ndiye ninayempeleka zahanati na kanisani, na doti ile inakaa kwenye mkoba wangu, pande zake mbili bado zimeungana, sijazikata. Kila anapojikwaa kwenye jiwe mkono wangu unaingia mkobani kabla hajasimama sawa. Lakini anasimama, ananiambia nisimkumbatie kama mgonjwa, anaendelea na safari yake akisalimia watu kwa majina. Deni halijalipika, na kila nikimrudisha kwake salama namshukuru Mungu kwamba bado nadaiwa.